Nawahimiza wenzangu wachangie damu, mimi mwenyewe nimerudishwa

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Morogoro mjini. Nilimaliza diploma mwaka jana, kwa sasa namsaidia mama dukani huku natafuta kazi. Ni katibu wa kikundi cha vijana wa mtaa wetu. Tuko kama thelathini, mchanganyiko: wanafunzi, madereva wa bodaboda, mafundi, wauza mitumba. Tulianza kama kikundi cha kuzikana na kufarijiana, tunachanga elfu mbili mbili kila wiki.

Mwaka huu dada wa mwenzetu mmoja alijifungua, akatokwa na damu nyingi. Ilikuwa usiku. Ndugu wakaambiwa damu ya kundi lake haipo, watafute watu wa kuchangia. Wakiwa wanahangaika, akatokea mtu pale nje ya geti akasema anaweza kuwapatia chupa mbili kwa laki moja na nusu. Wakampa nusu, akapotea. Alhamdulillah, damu ilikuja kupatikana kutoka hospitali nyingine, dada yuko hai na mtoto mzima. Lakini jambo lile lilituuma. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema kuanzia sasa kikundi chetu kitakuwa kinachangia damu.

Siku ya kwenda nikapanga foleni wa kwanza ili wengine wasiogope. Wakanipima uzito, presha, wakanitoboa kidole. Nesi akasema, "Dada, wekundu wako ni 10.9, wewe hatuwezi kukutoa." Alisema kwa sauti, walio nyuma yangu wote wakasikia. Kufika jioni kwenye grupu letu la WhatsApp nimeshapewa jina: Katibu Maji. Wengi walikuwa wanatania tu, ila mmoja aliandika, "Muulizeni vizuri ana nini." Shangazi, nililia. Tangu hapo sijakanyaga kikaoni.

Mama naye amesema nisithubutu kurudi kule, damu zetu zinauzwa kwa Freemason, na kwamba marehemu bibi kule Bagamoyo alikuwa akiwaonya tangu wadogo kuhusu mumiani. Kikundini kuna vijana wanasema kama wagonjwa wanatozwa hela, kwa nini sisi tutoe bure? Wanataka kila atakayechangia apewe posho ya elfu kumi kutoka mfuko wetu, na asiyechangia atozwe faini. Mwenyekiti anaelekea kukubali.

Halafu kuna hela yenyewe. Tuna kama laki sita kwenye mfuko. Wengine wanataka tununue vitu tuwapelekee waliokumbwa na mafuriko ya masika haya, tukodi Noah twende wenyewe, tupige picha tupate wafadhili. Mimi nakumbuka nguo tulizokusanya wakati wa maafa ya Hanang. Magunia yale mpaka leo yako stoo kwa mwenyekiti, yanaliwa na panya, kwa sababu hatukuwa na nauli ya kuyafikisha. Mwingine anasema hela tuwape Msalaba Mwekundu, na mwenzake anakataa, eti huo msalaba ni wa kanisa na nusu yetu ni Waislamu.

Shangazi, niachie ngazi? Katibu asiyeweza kuchangia damu anawaambia nini wenzake?

Katibu, Morogoro


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa yaliyomkuta dada wa mwenzenu.

Usiachie ngazi. Kabla ya kikundi, mama na magunia, tuzungumze kwanza habari ya mwili wako, maana katika barua nzima ndiyo uliyoipitia mbio mbio kuliko zote.

Ile 10.9 ina maana zaidi ya kukukosesha kitanda cha kuchangia. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unamtaka mchangiaji awe na wekundu wa damu (himoglobini) usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Lakini hata mwanamke ambaye hana mpango wowote wa kuchangia, kama si mjamzito na yuko chini ya 12, huyo anahesabiwa kuwa ana upungufu wa damu. Kwa hiyo yule nesi, pamoja na kosa lake la kupaza sauti, amekupa bure taarifa ambayo ungeweza kukaa nayo mwilini miaka bila kuijua. Wala huko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hao wanaokuita Katibu Maji wakawapime na dada zao.

Nenda kituo cha afya utafutiwe chanzo. Mweleze daktari habari ya hedhi yako bila kuona haya, inachukua siku ngapi na inatoka kiasi gani, maana wasichana wengi hupoteza madini ya chuma kwa njia hiyo mwezi baada ya mwezi wakidhani ndivyo walivyoumbwa. Upimwe malaria, na choo kwa ajili ya minyoo. Ukipewa vidonge vya chuma, vimeze kwa muda wote utakaoelekezwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Mtaani watakuambia unywe soda iliyochanganywa na maziwa. Haiongezi damu, inaongeza sukari. Kula dagaa, maini, nyama ukiipata, maharage, kunde na mboga za majani, na kwenye mlo huo kamulia ndimu au malizia na chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma kinachotoka kwenye mimea. Chai ya rangi isogeze mbali na chakula kwa saa moja au mbili, maana hukizuia chuma hicho. Daktari atakupangia siku ya kupima tena.

Sasa tuje kwenye "muulizeni vizuri ana nini". Hapa mwenyekiti wenu asome taratibu, kwa kuwa kuna hatari kubwa kuliko aibu uliyoipata.

Mtu hurudishwa kwa sababu nyingi. Uzito chini ya kilo 50. Presha. Ametoka kuugua malaria juzi juzi. Ananyonyesha. Ana mimba ambayo hajamwambia hata mama yake. Amechora tatuu. Ana mpenzi mpya. Kabla ya kutolewa damu mnajaza dodoso, na maswali yake mengine yanaingia mpaka chumbani. Vijana wengi hulijaza kama fomu ya kusajili laini ya simu, tiki tiki, wamalize. Damu yote inayokusanywa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, hilo ni kweli. Lakini kila maambukizi yana siku zake za mwanzo ambazo mtu anayo tayari na kipimo bado hakijayaona. Katika siku hizo hakuna mashine inayomlinda mgonjwa. Anayemlinda ni mchangiaji aliyejibu ukweli.

Mchukue kijana wenu mmoja ambaye wiki mbili zilizopita alilala na mtu asiyemjua vizuri. Akirudishwa atapewa jina kwenye grupu na kutozwa faini. Akipita atapata elfu kumi. Atajibu nini kwenye dodoso? Atadanganya, na ningekuwa na miaka yake huenda na mimi ningedanganya. Damu yake inaweza kumfikia mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali ambaye hakuwa na habari ya vikao vyenu.

Ndiyo maana posho hapana, na faini hapana kabisa. Mkutano wa Afya Duniani ulizitaka nchi zijenge huduma za damu juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa tangu mwaka 1975, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: anayehitaji hela ana kila sababu ya kuficha. Soda na biskuti baada ya kutoa si malipo, ni huduma. Kumrudishia mtu nauli ya daladala sioni ubaya. Kikundi kiweke kanuni moja tu, na wewe katibu uiandike kwenye muhtasari: hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini hakuchangia, na hakuna anayetaja majina ya waliorudishwa. Ongezeni na hili: anayetaka kujua hali yake ya Ukimwi aende kupima, kipimo kinatolewa bila malipo vituo vya afya. Asiende kuchangia damu ili apate majibu.

Na yule nesi? Ukirudi, mwambie kwa adabu, au mwambie kiongozi wa timu, kwamba majibu yasemwe pembeni. Wapo watakaokasirika. Sema hivyo hivyo.

Swali la vijana wenu kwamba damu inauzwa lisidharauliwe, wana haki ya kuuliza baada ya yale mliyoyaona. Damu haiuzwi. Mgonjwa anaweza kutozwa kitanda, dawa, upasuaji na vipimo vyake, kutegemea hospitali na bima yake, lakini chupa ya damu haina bei. Kuikusanya, kuipima na kuitunza kwenye baridi ndiko kunakogharimu, na gharama hiyo haipaswi kugeuzwa kuwa bei kwa ndugu aliyechanganyikiwa usiku wa manane. Yule mtu wa getini ni kishoka. Vishoka hustawi pale damu inapopungua, na wanajua saa za kuja. Siku nyingine ndugu wakiombwa hela ya damu, wasilipe mtu yeyote nje ya dirisha la malipo, waombe stakabadhi, na wamtafute muuguzi wa zamu au mganga mfawidhi hapo hapo. Ikiwa kuna mfanyakazi aliyeshirikiana naye, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Kwa kumwonea haya mtu wa aina hiyo mnamwandalia mteja wa kesho.

Mama yako nisingependa umcheke. Hofu ya mumiani ni ya zamani kuliko yeye na mimi. Enzi za ukoloni, katika miji ya Afrika Mashariki, watu waliogopa hata askari wa zimamoto, ikidaiwa wanakamata watu na kuwanyonya damu. Ukiangalia ni nani aliyekuwa na magari, sare na mamlaka wakati huo, na nani aliyekuwa akichukuliwa kufanya kazi bila hiari yake, huwezi kushangaa hadithi hiyo ilikotoka. Freemason ya leo ni nguo mpya ya mwili ule ule. Hutaishinda kwa kumwambia mama hajasoma. Umri wake na hali yake vikiruhusu, mkaribishe siku ya kuchangia akae tu kwenye benchi, aone sindano mpya ikifunguliwa mbele ya kila mtu, aone mfuko unaandikwa namba. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, na sijawahi kumwona mama wa Kitanzania aliyezaa akabaki na mumiani wake baada ya kuuliza damu hizi huenda wapi na kuonyeshwa. Huenda kwa wazazi wanaotokwa damu. Huenda kwa watoto waliomalizwa damu na malaria, kwa watoto wa selimundu, kwa vijana wa bodaboda, kwa wagonjwa wa saratani. Mwambie habari ya dada wa mwenzenu kwa utaratibu, hadi mwisho. Huenda hajaisikia yote.

Hofu nyingine utakazokutana nazo ni ndogo. Kwamba ukianza kuchangia damu itazidi na utalazimika kutoa maisha yako yote: si kweli. Kwamba mwili utabaki mtupu: wanachukua kama mililita 450, maji yake yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa. Kwamba wanaume wanapoteza nguvu: waulize wake zao.

Nadhani lakini tatizo kubwa la kikundi chenu halimo kati ya hayo uliyoandika. Mlikwenda kuchangia kwa sababu mtu wenu alipata shida. Mlikusanya nguo za Hanang kwa sababu mliona picha za tope. Sasa mnataka kukodi Noah kwa sababu kuna mafuriko. Moyo wenu ni mzuri, sina shaka, ila unaamka baada ya tukio, na damu haifanyi kazi hivyo.

Wewe ni wa Morogoro, nikukumbushe la nyumbani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100, na majeruhi wengine walikimbizwa mpaka Muhimbili. Saa kama ile, daktari anatundika damu iliyokwishapimwa na iliyomo kwenye jokofu tangu kabla lori halijapinduka. Damu mnayotoa leo lazima ipimwe magonjwa, ijulikane kundi, mara nyingi itenganishwe, na kabla ya kumfikia mgonjwa ioanishwe na ya kwake. Kenya walijifunza hilo kwa uchungu: baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ndipo ikaundwa huduma ya taifa ya damu.

Na kinyume chake ni kweli pia. Damu haiwekwi akiba mwaka mzima. Katika mfuko wa kawaida wenye dawa ya kuihifadhi, kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6, chembe nyekundu hukaa siku 35 hivi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hukaa siku 5 tu. Sasa piga hesabu: thelathini nzima mkitoa Jumamosi moja, mtajaza jokofu mwezi mmoja, kisha kwa miezi mitatu hakuna hata mmoja wenu anayeruhusiwa kurudi. Mwanaume hurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Kikundi kigawanywe kwenye zamu, watu wachache kila mwezi, mwaka mzima. Hakutakuwa na fulana wala picha ya pamoja ya kupendeza, na wale wapenda picha watalalamika.

Kuna majira ambayo mngekuwa na thamani kuliko kawaida. Wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa Juni na Desemba, timu za damu salama zinakosa pa kwenda, na Desemba ndiyo hiyo hiyo mabasi yanajaa barabarani na ajali zinaongezeka. Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 14, kuna muziki na viongozi na watu wanajitokeza. Katikati ya Desemba hakuna muziki. Ramadhani nayo wachangiaji wa mchana hupungua kwa sababu zinazoeleweka. Ninyi hamko shuleni, angalau wengi wenu. Dereva wa bodaboda hana likizo ya Desemba. Waislamu wenu wanaweza kuulizia kama timu inapokea watu jioni baada ya futari, na Wakristo wakashika zamu za mchana mwezi ule, kisha Krismasi mkabadilishana. Kikundi mchanganyiko kama chenu kinaweza jambo ambalo shule haiwezi.

Zimbabwe waliwahi kulifanya hili kuwa mtindo wa vijana. Mwaka 1989 walianzisha klabu ya wanafunzi walioahidi kuchangia mara 25 kabla hawajatimiza miaka 25, na kwa ahadi hiyo kuishi maisha yanayoifanya damu yao ifae, enzi hizo Ukimwi ukiwa unatisha. Wazo likasambaa nchi nyingine. Nawapenda, ila kwa kanuni zetu za hapa msichana anayeanza na miaka 18 na kurudi kila miezi minne hafikishi 25. Atafika kama 21, tena asikose hata zamu moja. Kwa hiyo msiige idadi. Igeni ahadi.

Hapo ndipo kazi yako ilipo, katibu. Unauliza asiyeweza kuchangia anawaambia nini wenzake. Anawaambia, "Juma, miezi mitatu yako imetimia Alhamisi." Tunza daftari la tarehe ya kila mtu na kundi lake la damu, daftari lako wewe, lisipigwe picha likapelekwa WhatsApp. Wenye kundi lenye alama ya hasi, ambao kwetu ni wachache sana, waambie hospitali ipewe namba zao kwa ridhaa yao, waitwe wakihitajika. Na yale matangazo ya "inahitajika damu O haraka" yanayozunguka kwenye simu miezi sita baada ya mgonjwa kuruhusiwa kurudi nyumbani, wewe uwe mtu wa kuyapigia simu kabla hayajasambazwa. Ukithibitisha, peleka watu wawili watatu walio kwenye zamu, usipeleke thelathini.

Laki sita sasa.

Magunia ya stoo yalishawapa jibu na sioni kwa nini mnataka kulilipia mara ya pili. Tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80, mji wa Katesh ulipokea misaada kutoka kila pembe. Siku za kwanza watu waliotoka kwenye tope wanahitaji maji safi, mahali pa kulala, dawa, taulo za kike, ndoo, sabuni, na baadaye hela ya kuanzia maisha. Gunia la nguo zisizojulikana ukubwa linahitaji mtu wa kulipokea, kulichambua, kulitunza na kuligawa, na mtu huyo ameshachoka. Noah yenu itakula mafuta, posho na chakula, na mkifika mtahitaji mwenyeji. Kisha mtampiga picha bibi aliyepoteza nyumba akipokea kilo mbili za unga. Asingependa kuonekana hivyo, na wewe usingependa bibi yako aonekane hivyo.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kuna kamati za maafa za wilaya na mkoa. Ulizeni kwao kwanza: nini kimekosekana wiki hii? Kama ni vitu, nunueni karibu na eneo lenyewe ili biashara ya huko ipate kupumua. Kama ni fedha, toeni kwa akaunti rasmi mliyopewa na ofisi, si kwa namba ya simu iliyotumwa kwenye grupu, na mchukue stakabadhi. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, suala la akaunti ya michango lilifika mpaka Ikulu na watendaji wakaondolewa kazini, kwa hiyo kuomba karatasi hakumtukani mtu.

Msalaba Mwekundu pia ni njia nzuri. Alama ile ilipitishwa Geneva mwaka 1864, na ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Haikuwekwa na kanisa. Lakini hoja ya mwenzenu si mpya, Waturuki wa Dola ya Osmani waliitoa wakati wa vita miaka ya 1870 wakatumia hilali nyekundu, na leo majirani zetu Somalia na Komoro wanatumia hilali. Familia ni moja, na kutopendelea dini wala kabila ni katika misingi yake saba. Chama chetu cha Tanzania kipo kisheria tangu 1962.

Ningekuwa na kura kwenye kikao chenu, nisingetoa laki sita yote kwa mafuriko. Ningetenga kiasi fulani kiende kwa waathirika kwa njia hiyo, na kinachobaki kilipie mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wanachama, hasa madereva wa bodaboda, kupitia tawi la Msalaba Mwekundu la mkoa. Wao ndio wanaofika kwenye ajali kabla ya gari la wagonjwa. Kijana anayejua kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na kutomnyanyua majeruhi wa shingo hovyo, ameokoa damu ambayo haitahitaji kuchangiwa. Na anayejua kuwazuia watu wasikaribie lori la mafuta lililopinduka, mnajua Morogoro thamani yake.

Magunia yale yatoeni stoo wiki hii. Yanayofaa yafuliwe, mwuza mitumba wenu ayauze, hela iingie kwenye mfuko na iandikwe. Yaliyoliwa na panya yatupwe.

Kuhusu kikao: nenda Jumapili hii, na usianze kwa kujitetea. Peleka rasimu ya barua ya kuomba timu ya damu salama ya hospitali ya mkoa. Iandikwe wiki kadhaa kabla ya siku mnayoitaka, itaje idadi ya watu mnaotarajia kwa ukweli, kama ni kumi andika kumi, kwa sababu gari na wataalamu hawaji kwa watu watatu. Mtahitaji ukumbi wenye kivuli, viti, meza, maji na choo, na sehemu iliyojitenga ya mazungumzo ambayo walio kwenye foleni hawasikii. Wanaochangia wale kwanza, wanywe maji mengi, siku hiyo wasiendeshe bodaboda mara tu wanaposhuka kitandani. Nakala moja ya barua mpe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nyingine baki nayo wewe.

Shangazi